Hesabu haidrojeni kabla ya kwenda swali linalofuata

Kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne hapa Nairobi mnaosumbuliwa na kemia ya kaboni: ukishachora alkani (kaboni na haidrojeni tupu, zilizoungana kwa bondi moja moja), hesabu haidrojeni zote. Jina lenyewe linakupa jibu. Chukua 2-methilibutani: methili ina kaboni 1, butani 4, jumla 5. Zidisha kwa 2, ongeza 2, unapata 12. Mchoro usipokuwa na haidrojeni 12, kuna kaboni uliyoipa mikono (yaani bondi) mitatu au mitano, na kaboni ina minne tu. Kagua kwanza ile yenye tawi, yaani iliyoshika methili. Wengi huiandika CH2 kwa mazoea, ilhali tawi limeshachukua mkono mmoja na inatakiwa ibaki CH.

Kwenye alkeni toa 2 katika jumla, kwa kuwa bondi maradufu kati ya kaboni mbili imekula nafasi mbili za haidrojeni. Klorini moja inachukua nafasi ya haidrojeni moja. Alkoholi zenye OH moja hazibadilishi hesabu, ila usiisahau ile H ya kwenye OH!

Hesabu hii haikamati jina baya. “2-ethilipropani” nayo inatoa C5H12, lakini si jina sahihi: fuata kaboni kwa kidole hata pale mstari unapopinda, utakuta mnyororo mrefu kabisa ni wa 4, yaani ni 2-methilibutani ileile. Wala haitenganishi 2-methilipentani na 3-methilipentani, zote C6H14. Hapo tazama tawi liko kaboni ya ngapi, ukianzia ncha iliyo karibu nalo.