Kurekodi na kunukuu mazungumzo ya darasani kwa tasnifu ya uzamili ya isimu tumizi

Tasnifu za uwanja huu hukwama zaidi kati ya swali na unukuzi (kuyaandika yaliyosemwa kwenye sauti) kuliko kwenye nadharia. Mwanafunzi huandika "athari za kubadili msimbo katika ufundishaji nchini Tanzania", yaani kuhama lugha moja hadi nyingine katikati ya mazungumzo, akarekodi madarasa kadhaa, halafu asijue sauti zile azifanyie nini. Neno "athari" linadai upime matokeo ya wanafunzi, na rekodi peke yake haiwezi kukupa hayo. Lifinye swali: walimu wa Baiolojia wa Kidato cha Pili, wanaotakiwa kufundisha kwa Kiingereza, huhamia Kiswahili wanapofanya nini? Wanafafanua dhana, wanakemea, wanauliza au wanaelekeza?

Walimu watatu, kila mmoja vipindi vinne vya dakika 40, ni saa 8 za sauti. Msimamizi akikushauri uongeze, mwonyeshe hesabu: saa moja ya sauti ya darasani hula saa 6 hadi 10 za kunukuu, kwa hiyo una saa 48 hadi 80 za kazi kabla hujachambua sentensi hata moja.

Vibali vishughulikie mapema. Tanzania barua ya chuo hupitia mkoa na halmashauri kabla ya kufika shuleni. Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Wanafunzi walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na fomu iwe kwa lugha anayoisoma mzazi, si ile inayoipendeza kamati ya maadili.

Rekodi kwa WAV, 44.1 kHz, biti 16, chaneli moja; saa moja huchukua takriban MB 320. Kipaza sauti kidogo kibanwe kwenye nguo ya mwalimu, chini kidogo ya kidevu, na kinasa sauti cha pili kikae katikati ya darasa kwa ajili ya wanafunzi. Ukitumia simu, zima mtandao kabisa, maana simu ikiingia inaweza kukata rekodi. Epuka masika: mvua juu ya bati hufuta kipindi kizima. Kipindi cha kwanza kwa kila mwalimu, kabla ya vile vinne, keti na vifaa vyako vikiwa wazi, lakini usikihesabu kwenye data. Mwanaisimu William Labov alishaeleza kwamba watu hubadili usemi wakijua wanachunguzwa, na mwalimu anayechunguzwa hung'ang'ania Kiingereza.

Nukuu kwa ELAN, programu ya bure ya Taasisi ya Max Planck, Nijmegen. Mpe kila msemaji safu yake, na chini yake safu nyingine ya misimbo, yaani lebo za kazi ya kila badiliko la lugha: ufafanuzi, kukemea, swali au maelekezo. Faili la ELAN halibebi sauti ndani yake, linaielekeza tu. Ukihamisha WAV au kuibadili jina, litafunguka bila sauti hadi ulionyeshe ilipo.

Sehemu ngumu ni kuamua kipi ni kubadili msimbo. Andika kanuni kabla ya kuhesabu. "Oksijeni inatoka wapi?" ni Kiswahili chenye neno la mkopo, kwani neno limo kamusini na linatamkwa Kiswahili. "Hii process inaitwaje?" imebadili. "Mme-understand?" je? Kwa mkabala alioutoa mwanaisimu Carol Myers-Scotton mwaka 1993, akitumia sana data ya Nairobi, lugha inayotoa viambishi na mpangilio ndiyo inayobeba sentensi. Hapa ni Kiswahili kilichochomekwa kitenzi cha Kiingereza, kwa hiyo nayo imebadili. Halafu kuna "sawa?" na "eti?". Mwalimu mmoja anaweza kuyasema kila baada ya sentensi mbili, na ukiyachanganya na ufafanuzi wa dhana, jedwali lako litakuwa linahesabu mazoea ya mdomo. Yape kundi lake.

Mpe mtu mwingine asilimia 10 hadi 20 ya data aweke misimbo bila kuona yako. Usiripoti asilimia ya makubaliano pekee: iwapo sehemu kubwa ya data ni ufafanuzi, wawili mtakubaliana mara nyingi kwa bahati tu. Tumia kappa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kinachoondoa bahati hiyo. Kikiwa chini ya 0.6, usibishane na mwenzako. Irekebishe kanuni, kisha weka misimbo upya tangu faili la kwanza.