Jinsi ya kukadiria lishe ya samaki mwenyewe: sato, dagaa na wengineo

Huku Kanda ya Ziwa swali ninaloulizwa sana kazini ni sato na dagaa nani ana lishe zaidi. Huwezi kujibu mpaka ujue mlaji anakula nini cha huyo samaki na anabakiza nini kwenye sahani, kwa hiyo tunaanzia hapo hapo.

Hatua ya 1: Pima kinacholiwa. Chukua mizani ya jikoni, pima samaki mzima, halafu watu wakishakula pima mifupa na kila kilichobaki (ile minofu midogo ya kichwani pia ni chakula, kwetu kuna watu kichwa wanagombania). Ukitoa fileti (mnofu usio na mifupa) ya sato unapata kama theluthi tu ya uzito wa samaki. Dagaa hana cha kutoa, analiwa na kichwa, mifupa, macho na vyote.

Hatua ya 2: Angalia maji. Hapa ndo wengi wanapotea, wanachukua gramu 100 za dagaa wakavu wanalinganisha na gramu 100 za sato mbichi halafu wanashangaa protini ya dagaa imepaa. Dagaa mbichi tuseme ana maji asilimia 75, kwa hiyo gramu 100 zina vitu vikavu 25, akikauka vizuri akabaki na maji asilimia 10 gramu 100 zina vitu vikavu 90. Gawanya 90 kwa 25 unapata 3.6, yaani gramu 100 za wakavu ni sawa na gramu 360 za wabichi. Linganisha mkavu kwa mkavu au mbichi kwa mbichi, au bora zaidi, sahani kwa sahani.

Na kama dagaa wameanikwa mchangani sio kwenye chanja, waoshe kwanza uone beseni linavyobaki na mchanga chini. Ule mchanga umeulipia kama dagaa, na ukipeleka sampuli maabara hivyo hivyo majivu (yale yanayobaki sampuli ikichomwa) yanapanda na madini ya chuma yanaonekana mengi kumbe ni udongo.

Hatua ya 3: Tafuta namba. Kuna jedwali la vyakula la Tanzania la 2008 na la Kenya la 2018, anzia huko. Samaki akikosekana fungua FishBase, tovuti ya taarifa za samaki, tafuta kwa jina la kisayansi: sato ni Oreochromis niloticus, sangara Lates niloticus, dagaa wa Mwanza Rastrineobola argentea. Utakuta makadirio ya protini, omega 3 (aina ya mafuta mazuri), kalsiamu, chuma, zinki, seleniamu na vitamini A, na kwenye mabano wanaweka kiwango cha chini na cha juu. Usiyaruke hayo mabano, yakiwa mapana sana ujue hiyo namba ni ya kushika kwa tahadhari.

Hatua ya 4: Piga hesabu. Sato mbichi ana protini kama gramu 20 na mafuta kama 1.7 kwa kila gramu 100 za mnofu. Ukipata mnofu gramu 400, protini ni 80 na mafuta 6.8. Zidisha protini kwa 4 na mafuta kwa 9, jumlisha, unapata kama kilokalori 380. Wanga usihangaike nao, kwenye samaki ni kidogo sana. Ukimkaanga basi hesabu inabadilika, maji yanatoka na mafuta ya kikaango yanaingia, kwa hiyo pima chupa ya mafuta kabla na baada, na yaliyobaki kwenye kikaango pia.

Hatua ya 5: Madini na mafuta mazuri. Kwenye protini sato na dagaa hawaachani sana ukishasawazisha maji. Kwenye kalsiamu ndo wanaachana kabisa, maana iko mifupani: mnofu wa sato una kama miligramu 10 tu kwa gramu 100, dagaa wakavu wanapita 1,000. Kwa mtoto aliyeanza kula, mi nachagua dagaa safi waliosagwa unga ukachanganywa kwenye uji. Omega 3 angalia samaki wenye mafuta kama vibua, ila mafuta yao hupanda na kushuka kwa msimu, usikariri namba moja ya mwaka mzima.

Papa na nduaro protini wanayo ya kutosha, lakini ni samaki wakubwa wanaokula wenzao na zebaki, metali yenye sumu, hujikusanya kwenye nyama yao, kwa hiyo kwa mjamzito na watoto wadogo mi nawatoa kwenye orodha kabla hata ya kuanza kupima.