Kipupwe Jijini Dar es Salaam: Namna ya Kuiandaa Familia kwa Nguo, Uji na Safari ya Nyanda za Juu

Mvua za masika zinapokatika mwishoni mwa Mei na upepo wa kusi ukatawala pwani, Dar es Salaam huingia katika majira ambayo wakazi wake wengi huyapenda, lakini ni wachache wanaoyaandalia chochote. Kuanzia Juni hadi Agosti joto la mchana hutulia kwenye nyuzi 28 au 29, na usiku wa Julai linaweza kushuka hadi nyuzi 18. Kwa mtu aliyekulia Makete hiyo si baridi hata kidogo. Kwa mtoto aliyezaliwa Temeke na kuzoea kulala na feni mwaka mzima, hata hivyo, ni mabadiliko ya kweli, hasa ikiwa siku yake ya shule huanza saa kumi na moja alfajiri. Nyumbani kwetu dalili ya kwanza huonekana kwenye chupa ya mafuta ya nazi: mafuta hayo huganda yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi yanapokataa kumiminika, najua wakati wa kutoa masweta umefika.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba baridi ya Dar es Salaam ni ya saa chache, si ya siku nzima. Huanza usiku wa manane, hudumu hadi jua linapopanda, kisha huondoka. Mtoto aliyevalishwa koti zito asubuhi, ifikapo saa saba mchana huwa ametota jasho darasani, na jasho hilo hilo humpoza jioni akiwa kituoni anasubiri gari. Kwa sababu hiyo, nguo inayofaa hapa ni ile inayovulika upesi na kuingia katika begi la shule: fulana nyepesi ya pamba chini ya shati, sweta jembamba la rangi inayokubalika shuleni juu yake, na jaketi lisilopitisha upepo kwa mtoto anayepelekwa kwa bodaboda au bajaji. Kama fedha iliyopo inatosha nguo moja tu, na mtoto husafiri kwa bodaboda, nashauri iende kwenye jaketi hilo, kwa kuwa kinachomuumiza barabarani alfajiri ni upepo kuliko baridi yenyewe.

Nguo hizi hazihitaji kununuliwa katika maduka ya gharama. Soko la Karume pale Ilala, pamoja na masoko ya Tandika, Manzese na Mwenge, huuza mitumba inayotoka katika nchi zenye baridi kali, na sweta lililotengenezwa kwa ajili ya Januari ya Ulaya haliwezi kushindwa na Julai ya Mbagala. Wakati mzuri wa kununua ni Februari na mwanzoni mwa Machi, ada za shule zikiwa zimekwisha kulipwa na joto la kaskazi likiwa bado linachoma, kwa maana muuzaji mwenye rundo la masweta katika wiki hizo huwa tayari kusikiliza bei ya mteja. Anayengoja hadi shule zinapofungwa mwezi Juni hushindana na kila msafiri anayekwenda Mbeya. Ndani ya siku moja pia kuna tofauti: anayefika asubuhi belo linapofunguliwa huchagua kilicho bora kwa bei ya juu, na anayefika alasiri hukuta yaliyobaki yamerundikwa chini kwa bei moja. Kwa mtoto mdogo anayekua haraka, rundo la alasiri linatosha. Kwa jaketi litakalorithiwa na wadogo zake, inafaa kuamka mapema.

Si lazima kumburuta mtoto sokoni ili kumjaribishia nguo. Chukua uzi, mpime kuanzia bega hadi kifundo cha mkono na upige fundo, kisha mpime kuanzia shingo hadi nyonga na upige fundo la pili, na kila mtoto awe na uzi wa rangi yake. Unapochagua, ongeza upana wa vidole vitatu juu ya kila kipimo, kwa sababu mikono mirefu hukunjwa, ilhali mikono mifupi haina dawa. Nguo igeuzwe ndani nje ikaguliwe kwapa, viwiko na mapindo, zipu ivutwe juu na chini mara kadhaa, lastiki ivutwe na kuachwa ili kuona kama inarudi, na sweta linyanyuliwe kuelekea jua, maana vitundu vya nondo havionekani nguo ikiwa imekunjwa mkononi. Nguo yenye harufu ya ukungu iachwe hata ikiwa nzuri namna gani. Nguo za ndani ni suala jingine kabisa: Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku za mitumba, na sababu za kiafya ni za msingi, kwa hiyo hizo zinunuliwe mpya.

Inafaa pia kutofautisha vitambaa. Sufu huhifadhi joto hata ikipata unyevu kidogo, lakini kwa Dar es Salaam ni nzito kuliko inavyohitajika. Ihifadhiwe kwa ajili ya safari za nyanda za juu, na jijini mtoto avae pamba au pamba iliyochanganywa. Tofauti hiyo ina maana kubwa wakati wa kufua. Mitumba yote ifuliwe kabla ya kuvaliwa, na pamba huvumilia maji ya moto na sabuni bila tatizo, lakini sufu ikitiwa maji ya moto husinyaa kiasi kwamba sweta la mtoto wa miaka 10 humtosha mdogo wake wa miaka minne. Sufu ifuliwe kwa maji ya uvuguvugu bila kusuguliwa, ikamuliwe kwa kuviringishwa ndani ya taulo, kisha ilazwe juu ya mkeka ikauke, kwani ikitundikwa kwenye kamba hurefuka na kupoteza umbo. Mwishoni kila nguo ipigwe pasi, pamba moja kwa moja na sufu ikiwa imefunikwa kwa kitambaa kibichi. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na buu wake hupenya ngozi ya anayezivaa. Joto la pasi huyaua mayai hayo, na watoto wachanga ndio wanaohitaji ulinzi huo zaidi.

Ndani ya nyumba kazi si kubwa. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo kitanda cha mtoto kisikae chini ya dirisha la upande huo, na pazia zito lishushwe usiku bila kuziba hewa yote. Sakafu ya vigae hupoa sana alfajiri, na mkeka au zulia dogo kando ya kitanda humwezesha mtoto kuamka bila kulia. Shuka la Kimasai likikunjwa mara mbili hutosha kuwa blanketi la Dar es Salaam, nami nalipenda kuliko mablanketi mazito kwa kuwa hufulika na kukauka ndani ya siku moja. Chandarua kisiondolewe kwa kisingizio cha baridi, kwani madimbwi yaliyoachwa na masika huendelea kuzalisha mbu. Maji ya kuoga yanayotoka kwenye tangi la juu ya paa huwa baridi asubuhi. Yanapochanganywa, anza kwa kutia maji baridi katika beseni ndipo uongeze ya moto, ili mtoto mwenye haraka asitumbukize mkono kwenye maji yanayochemka. Baada ya kuoga apakwe mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, pamoja na midomo, maana hewa ya kipupwe ni kavu na midomo hupasuka. Mafuta ya nazi yahifadhiwe kwenye kopo lenye mdomo mpana ili yachotwe hata yakiwa yameganda.

Chakula cha asubuhi ndicho kinachobeba siku. Uji wa ulezi uliopikwa polepole hadi harufu ya unga mbichi iishe, ukatiwa karanga zilizosagwa na ndimu kidogo, humfikisha mtoto hadi mapumziko bila njaa, na ukitiwa kwenye chupa ya chai usiku huwa bado wa moto alfajiri. Wapo wanaosaga nafaka za kila aina pamoja na kuuita mchanganyiko huo unga wa lishe. Kwa maoni yangu ulezi na karanga vinatosha, na ni rahisi zaidi kujua kipi kimemkera mtoto tumbo. Chai ya tangawizi yenye mdalasini na iliki ni ya jioni. Machungwa ya Muheza hujaa sokoni katika miezi hiyo, na ni busara kununua mengi. Samaki ni kinyume chake, kwa sababu kusi huchafua bahari na wavuvi wa vyombo vidogo hawaendi mbali, jambo linalopandisha bei pale Feri. Kunde, maharage na dagaa wakavu hushika nafasi yake vizuri.

Mafua na kikohozi havikosekani katika majira haya, na vingi huondoka vyenyewe kwa kupumzika na vinywaji vya moto. Asali husaidia koo la mtoto, lakini asiyetimiza mwaka mmoja asipewe hata kidogo, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwake. Mzazi ajifunze kuhesabu pumzi, mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayevuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano anayefikia mara 40, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi au anashindwa kunyonya, asisubiriwe hata saa moja.

Likizo ya Juni ndiyo inayozipeleka familia nyingi kwa bibi na babu, na hapo maandalizi ya Dar es Salaam hayatoshi. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi. Lushoto iko kwenye mita 1,400, Mbeya kwenye mita 1,700, na uwanda wa Kitulo hufikia mita 2,600, ambako asubuhi za Juni na Julai majani huweza kukutwa yamefunikwa na barafu nyembamba. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba mtoto anayekwenda Mbeya atakuta usiku ulio baridi kuliko wa nyumbani kwa nyuzi 10, na anayekwenda Njombe au Makete atakuta zaidi ya hapo. Huko ndiko sufu inakohitajika, pamoja na kofia inayofunika masikio, soksi mbili mbili na viatu vya kufunika, kwa kuwa ndala hazina kazi kwenye umande.

Kosa linalowasumbua wasafiri wengi ni kuweka nguo zote nzito kwenye buti la basi. Basi huondoka kituo cha Magufuli, Mbezi, asubuhi, abiria wakitokwa jasho, hupita Morogoro na hifadhi ya Mikumi katika joto la mchana, ambako watoto wafurahie kuwatazama swala na twiga kupitia dirishani, kisha hupanda Kitonga kuelekea Iringa, na kuanzia hapo hewa hubadilika kila kilomita. Jioni inapokuta gari Mafinga au Makambako, sweta lililo chini ya magunia ya abiria wengine halimsaidii mtu. Kila mtoto awe na begi dogo miguuni mwake lenye sweta, kofia, soksi na kanga moja ya kujifunika, na chupa ya chai iwe mkononi mwa mama. Wanaokwenda Lushoto wazingatie vivyo hivyo, kwa maana Mombo huwa na joto na barabara ya milimani inayofuata huwashusha nyuzi kadhaa ndani ya safari fupi tu.

Mkifika, tahadhari moja iwe juu ya zote. Katika nyumba nyingi za nyanda za juu jiko la mkaa huingizwa chumbani usiku ili kupasha joto, na wenyeji hufanya hivyo kwa upendo kwa wageni wao. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Mwambie mama mkwe au shangazi kwa heshima, kabla ya wakati wa kulala, kwamba watoto watalala pamoja kitandani kwa mablanketi na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa, na kwamba jiko libaki nje. Hili lisionewe haya, na lisikubaliwe hata kwa usiku mmoja.

Kwa wasiosafiri, maonyesho ya Sabasaba katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, huanza mwishoni mwa Juni na kuendelea hadi katikati ya Julai, na kwa mama anayetafuta vitu vya nyumbani ni mahali pazuri pa kukuta asali, vikapu, unga wa ulezi na nguo za wajasiriamali wadogo kwa pamoja. Nendeni siku ya kazi asubuhi ikiwezekana, maana tarehe 7 Julai yenyewe msongamano huwachosha watoto, na sweta la kila mmoja liwe begini kwa ajili ya kurudi jioni.

Joto linapoanza kurejea mwishoni mwa Septemba, masweta yafuliwe na kuanikwa juani hadi yakauke kabisa kabla mvua za vuli hazijaanza, kwa kuwa unyevu kidogo tu hugeuka ukungu ndani ya kabati. Yakunjwe na kuwekwa kwenye mfuko uliofungwa vizuri pamoja na majani makavu ya mwarobaini au karafuu chache ndani ya kitambaa ili kuzuia nondo. Kabla ya kuufunga mfuko huo, pima tena watoto kwa uzi, utoe yaliyokwisha kuwabana umpe jirani mwenye mtoto mdogo zaidi, na uandike kwenye karatasi vipimo vya yale utakayohitaji kuyatafuta Karume mwezi Februari.