SOMO: Kupanga kiwanda kidogo cha unga kiweze kubadilika haraka

Habari zenu wanakikundi. Wengi wetu hapa Mbeya tunatoa sembe, dona na unga wa lishe kwa mashine zilezile, na oda zinabadilika kila siku. Faida inapotelea kwenye muda wa kubadilisha. Miaka ya 1990 Yoram Koren na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilishughulikia tatizo hili kwenye viwanda vya magari: nunua uwezo unaouhitaji leo, ila jenga kwa namna ya kuongeza au kubadili kesho bila kubomoa. Hata sisi wa Uyole na Iyunga inatufaa.

Hatua ya 1. Andika njia ya kila bidhaa. Sembe hukobolewa kisha husagwa. Dona hairuhusu kukoboa. Lishe yenye soya na karanga huanzia kwenye kukaanga. Utaona kinu, yaani mashine ya kusagia, ndicho kinachotumika kwa zote.

Hatua ya 2. Usichomelee mashine pamoja. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Hopa ya kinu (chombo cha juu cha kumiminia mahindi) ikichomelewa kwenye mdomo wa mashine ya kukoboa, siku ya dona mahindi hayana pa kupitia. Kila mashine iwe na fremu yake na mota yake. Midomo yote iwe na flanji (kingo bapa zenye matundu ya bolti) za kipimo kimoja na bolti za saizi moja, tuseme za spana namba 17, ili spana moja ifungue kiwanda kizima. Tengeneza na mfereji wa bati wa kupeleka mahindi kwenye kinu moja kwa moja. Fundi umeme ahakikishe mpangilio wa fezi tatu unafanana kwenye soketi zote. Fezi mbili zikipishana, mota inazunguka kinyume, feni ya pumba inapoteza nguvu, na utahangaika kutafuta ubovu ambao haupo.

Hatua ya 3. Tenga kazi zinazowezekana mashine ikiwa inazunguka: kusafisha chekeche inayofuata, kupanga viroba, kuweka mizani sawa. Mjapani Shigeo Shingo alifundisha hivi, na shabaha yake ilikuwa kubadilisha kwa chini ya dakika 10. Kinachobaki ni kuzima swichi kuu, kuipiga kufuli na kubadili chekeche. Kufuli ni lazima, vidole havina spea.

Hatua ya 4. Panga oda: sembe, dona, lishe mwisho, kisha usafi wa kina. Karanga zina mafuta yanayoziba chekeche, na wapo wanaodhurika nazo.

Hatua ya 5. Acha nafasi ya kinu cha pili, kwa msimu wa mavuno.

MASWALI

*Tukuyu:* Shikamoo mwalimu. Nina kinu kimoja na mtaji mdogo. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza na chekeche ya akiba kwa kila aina ya unga, na spana zitundikwe hapohapo ukutani.

*Mafinga:* Kaka, mimi napasua mbao. Kutoka mbao za inchi 2 kwa 4 kwenda 1 kwa 8 napoteza muda mwingi kupima kwa rula.

Chonga kipande cha chuma chenye upana wa kila saizi. Zima mashine, kiweke kati ya fensi (ukingo wa kuongozea mbao) na msumeno, sogeza fensi, kaza. Kiguse jino la msumeno, si bapa lake, maana meno yamepinda kwa nje.

*Iringa:* Si bora kununua mashine moja inayofanya yote?

Kama utaitumia yote kila siku, sawa. Ila ikiharibika, bidhaa zote zinasimama pamoja, na huenda umelipia uwezo unaolala tu. Mimi ningenunua kinu kizuri sasa, nikatoboa kabisa matundu ya bolti kwa ajili ya mashine itakayofuata.