Namna ya Kuandika Tafakuri Kuhusu Kazi Yako Bora ya Ubunifu Darasani

Mwishoni mwa muhula, walimu wengi wa uandishi na sanaa huwataka wanafunzi wachague kazi moja wanayoiona bora kuliko nyingine zote walizozifanya, kisha waandike tafakuri fupi kuihusu. Wengi huandika kwamba kazi hiyo waliipenda sana, kwamba waliifanya kwa bidii, na kwamba iliwafunza mengi. Maneno hayo si ya uongo, lakini hayamwambii msomaji lolote, kwa kuwa unaweza kuyabandika chini ya hadithi, mchoro au shairi lolote na yakakaa vilevile. Basi kabla ya jambo jingine, jizoeze kuipima kila sentensi ya tafakuri yako kwa kuihamishia kwenye kazi ya mwenzako: ikiwa bado inafaa huko, ifute.

Kuchagua kazi yenyewe kunahitaji muda kuliko watu wanavyodhani. Zitandaze kazi zako zote mezani, pamoja na rasimu zake, na zile za maandishi uzisome kwa sauti, kwa maana sikio hugundua mahali palipokwama ambapo jicho limepita bila kusita. Alama ulizopewa ziweke kando kwa muda, kwa sababu alama hupima jinsi ulivyotimiza masharti ya zoezi, na kazi iliyotimiza masharti yote inaweza kuwa kazi isiyo na uhai. (Mimi mwenyewe ninayo mashairi yaliyonipatia sifa, ambayo leo siwezi kuyasoma bila kuona haya.) Jiulize ni kazi ipi iliyobadilika sana kati ya rasimu ya kwanza na toleo la mwisho, na ni ipi ambayo ungeweza kuitetea mstari kwa mstari mbele ya msomaji mkali. Ukipata kazi moja inayojibu maswali yote mawili, umekwisha kuchagua. Zikigongana, mimi huelemea ile iliyobadilika, hata kama ina kasoro ninayoijua, kwa sababu kazi iliyotoka laini tangu siku ya kwanza haimwachii mwandishi wake mengi ya kueleza.

Baada ya kuchagua, kusanya ushahidi: rasimu zenye mikwaruzo, maoni ya mwalimu pambizoni, na maswali ya wanafunzi wenzako walipoisoma. Ikiwa uliandika kwa kompyuta, angalia kama programu uliyoitumia huhifadhi matoleo ya awali ya hati, kwani nyingi hufanya hivyo bila mtumiaji kujua. Mwaka 1983 Donald Schön, mwanazuoni wa Marekani, alitofautisha kutafakari mtu akiwa katikati ya tendo na kutafakari baada ya tendo kwisha. Tofauti hiyo inatuhusu hapa, kwa sababu tafakuri unayoiandika leo ni ya aina ya pili, ilhali mambo yake matamu zaidi yalitokea katika ile ya kwanza, pale ulipolitazama neno, ukasita, ukalikata. Kumbukumbu ya kusita huko hupotea upesi, na rasimu ndizo zinazoirudisha.

Sasa njoo kwenye kiini, ambacho ni uamuzi. Tafakuri nzuri husimulia maamuzi mawili au matatu uliyoyafanya ndani ya kazi, kila moja likionyeshwa kwa karibu: kulikuwa na nini, ukabadilisha nini, kwa nini, na badiliko hilo lilizaa nini. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeandika shairi la mizani nane kwa nane, yaani silabi nane katika kila nusu ya mshororo, ambaye rasimu yake ilikuwa na mshororo huu:

Mama yangu alilia, machozi yakamtoka

Mizani imetimia na kina kipo, na mwanafunzi mvivu angeishia hapo. Huyu aliporudi kuusoma aliona kwamba utao, yaani nusu ya pili ya mshororo, unarudia jambo lililokwisha kusemwa na ukwapi, yaani nusu ya kwanza, kwa kuwa aliyelia bila shaka alitokwa na machozi, na kwamba nusu hiyo ya pili iliwekwa ili kujaza hesabu tu. Akatafuta tendo ambalo lingebeba huzuni bila kuitaja, liwe na mizani nane, na liishie kwa silabi ileile ya “ka” ili vina vya ubeti visivurugike:

Mama yangu alilia, akiukunja mkeka

Katika tafakuri yake, mwanafunzi huyo hana haja ya kusema kwamba shairi lake lina hisia nzito. Anaweza kuandika hivi: “Niliyaondoa machozi kwa sababu kilio kilikuwa kimekwisha kuyataja, nikaweka mkeka unaokunjwa, ili msomaji ajiulize ni nani aliyeulalia na kwa nini haulalii tena. Kina cha ‘ka’ kilinibana kwa siku mbili, lakini ndicho kilichonifikisha kwenye neno ambalo nisingelitafuta.” Sentensi hizo mbili zinaonyesha ufundi, sababu na athari, na hazihamishiki kwenda kwenye shairi la mtu mwingine.

Katika hadithi, uamuzi unaweza kuwa ni kuhama kutoka nafsi ya tatu kwenda ya kwanza, au kuufuta ukurasa mzima wa mwanzo ili kisa kianze pale ugomvi ulipokwisha kupamba moto. Katika mchoro, unaweza kuwa ni sehemu ya karatasi uliyoiacha tupu kwa makusudi. Njia ya kuueleza ni ileile.

Huenda mwalimu akakupa mzunguko wa hatua sita uliopendekezwa na Graham Gibbs mwaka 1988, yaani maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji. Utumie kama orodha ya kukagua usije ukasahau jambo, lakini nakushauri usizigeuze hatua hizo kuwa vichwa vya habari isipokuwa umeagizwa, kwa sababu mwandishi anayefuata vichwa humaliza nusu ya nafasi yake katika maelezo ya nini kilitokea, na uchambuzi, ambao ndio mzizi wa shughuli yote, ukabakiwa na mistari mitatu. Hisia nazo zina mahali pake, mradi zifungwe kwenye tukio: kusema kwamba ulikata tamaa hakutoshi mpaka useme ulikata tamaa kwenye ubeti upi na ulifanya nini baadaye.

Sehemu inayowashinda wengi ni kukiri udhaifu. “Wakati mwingine nitaongeza juhudi” si kukiri chochote. Taja sehemu moja ambayo hadi leo haijakuridhisha, eleza kinachoikwaza, kisha useme ungejaribu nini ukipewa wiki nyingine. Usiogope kwamba mwalimu atakupunguzia alama kwa kumwonyesha kasoro, kwani huenda alikwisha kuiona siku nyingi, na anachotaka kujua ni kama wewe pia unaiona.

Ukimaliza, iache tafakuri ilale usiku mmoja. Kesho yake isome ukiwa umeiweka kazi yenyewe kando yake, na kila unapodai jambo, weka kidole mahali linapoonekana katika kazi hiyo. Dai lisilo na mahali pa kuwekewa kidole liondolewe au litafutiwe mfano. Unapoikabidhi, ambatanisha rasimu ya zamani na toleo la mwisho, mshororo uliofutwa ukiwa bado unasomeka chini ya mkwaruzo.