Nadharia ya mziki kwa mtu ambaye hajawahi kushika gita

Ukitaja nadharia ya mziki watu wengi wanaona ile karatasi ya mistari mitano na alama nyeusi nyeusi, wanasema hiyo ni ya watu wa kwaya na mashindano ya shule, mimi niwacheni nicheze tu. Lakini mtu huyo huyo ukimwekea benga, ule mziki wa magita wa Waluo, pale Kondele, Kisumu, mguu unaanza kugonga chini kabla hata hajaletewa soda, na hakuna mtu alimfundisha biti iko wapi. Maskio inajua mambo mingi, kitu inakosa ni majina na mpango wa kuskiza. Kwa hivyo karatasi tuiweke kando, tuanze na ngoma moja.

Chagua ngoma unaijua vizuri mpaka maneno hayakusumbui tena. Kama uko huku kwetu Kisumu mimi naona benga ya zamani ndio mwalimu mzuri, ile ya kina D.O. Misiani na Shirati Jazz, juu vyombo ni vichache na kila moja unaiskia ikiwa peke yake, sio hizi za siku hizi zenye kompyuta imejaza kila nafasi. Alafu tafuta hedifoni au spika ya maana. Uzi mzito wa gita ya besi unatetema kama mara 41 kwa sekunde, na kale kaspika ka simu hakawezi kutoa sauti ya chini hivyo, utakaa hapo unatafuta besi na haiko.

Sheria ni moja tu, kila ukirudia ngoma fuata kitu kimoja. Raundi ya kwanza biti, ya pili besi, inayofuata magita, ndio uje kwa sauti na kodi, yaani noti kadhaa zikipigwa pamoja. Ukitaka kuskia yote mara moja utajipata umerudi kuskiza maneno.

Biti haina maneno mengi. Gonga mguu na uhesabu moja mbili tatu nne, ikikaa sawa songa mbele. Ikikataa jaribu kuhesabu sita, ngoma nyingi za kienyeji ziko hapo. Kuna zoezi la meza: hesabu mpaka sita pole pole, mkono wa kulia ugonge kwa 1, 3 na 5, wa kushoto kwa 1 na 4. Mwanzo mikono itagombana, usijali. Siku itakubali utakuwa umeshika tatu juu ya mbili, na utaanza kuiskia kila mahali kwa mziki wa Afrika. Ukipata isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ile UNESCO waliweka kwa orodha yao 2014, ngoma za kupigwa kwa mkono ziko tatu, kubwa, ya kati na ndogo, shika ndogo peke yake mpaka mwisho hata kama ile kubwa inakuita.

Besi ya benga nayo inaruka, inanyamaza, inarudi, na hapo penye imenyamaza ndio kiuno kinapata kazi. Ukiskiza besi usiskize noti tu, skiza nafasi.

Sasa magita. Gita ya benga haikwanguzwi nyuzi zote pamoja, inadonolewa noti moja moja, na hiyo wameitoa kwa nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo. Nyatiti ina nyuzi nane, na mtu mmoja anafanya kazi ya bendi: anadonoa, anaimba, pete ya chuma kwa kidole cha mguu inagonga mbao, na gara, zile njuga, kwa mguu zinalia. Tafuta rekodi ya nyatiti, utenganishe hizo sauti nne, alafu rudi kwa benga yako na uone vile zimegawanywa kwa watu tofauti. Angalia pia mwimbaji akimaliza mstari nani anamjibu. Ni gita ya solo, mara nyingi na melodi ile ile ametoka kuimba. Baadaye sauti zinaisha magita zinabaki peke yake na moto unapanda, na hapo watu wote wanafuata solo, wewe fuata gita ya pili, utaipata inarudia kitu kifupi bila kuchoka na solo imeegemea hapo.

Ikifika kwa noti zenyewe, do re mi tulifunzwa shuleni na kanisani. Huo mfumo John Curwen aliueneza Uingereza karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, ndio watu wa kawaida waweze kuimba bila kusoma ile mistari mitano. Imba do re mi fa so la ti, alafu unyamaze hapo hapo. Unaskia vile inawasha? Unataka do. Do ndio nyumbani, na nadharia kubwa yote ni hadithi ya kutoka nyumbani na kurudi. Kuipata kwa ngoma yoyote, simamisha katikati ya mstari na uvumishe ile noti unahisi ngoma ingemalizikia. Ukivumisha na ngoma ikiendelea na isigombane na sauti yako, umepata. Hii kitu ifanye hata kwa matatu ukienda Kakamega, hakuna mtu atajua, dereva ameweka sauti juu.

Ukiwa na do, kodi si ngumu. Do-mi-so ni kodi ya nyumbani, fa-la-do ni ya kutoka, so-ti-re ni ya kudai turudi. Hebu panga hizo tatu uone, noti zote saba ziko ndani, ndio maana pambio nyingi za kanisani zinaenda na kodi tatu na hakuna mtu analalamika.

Kuna ile maneno ati kodi ya meja, kama do-mi-so, ni furaha na ya maina ni huzuni (maina ya mziki, sio jamaa wa Nyeri). Mimi siikubali sana. Wimbo wetu wa taifa wa 1963, melodi yake ilitoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, na uko kwa maina, lakini hakuna mtu husimama pale uwanjani akilia. Spidi, sauti na maneno pia vinasema kitu. Tofauti yenyewe ya hizo kodi mbili ni ndogo, noti ya katikati inashuka nusu hatua, yaani kitufe kimoja tu kwa kinanda, basi.

Kwa hivyo mtafute yule mtu wa kinanda kanisani kwenu, mazoezi yakiisha umwombe apige do-mi-so, ashushe mi nusu hatua, airudishe, aishushe tena, wewe umegeuka umeangalia ukuta na unasema ni gani. Ukiacha kukosea mwambie apige so-ti-re alafu atoe mikono kwa kinanda. Wewe ndio uimbe do.