Kikundi cha akiba na darasa la kisomo kwa wanawake wakimbizi: namna ya kuanza

Kabla ya kununua cherehani hata moja, uliza mambo mawili: sheria ya nchi inamruhusu mkimbizi kufanya kazi gani, na nani atanunua kitakachotengenezwa. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unataja ajira (ibara ya 17), kujiajiri (18) na elimu (22), ila baadhi ya nchi ziliuridhia zikiwa na masharti yao juu ya ajira. Na pale ambapo mafundi wamejaa tayari, cherehani mpya zitakaa na vumbi.

Kwa hiyo anza na kikundi cha kuweka na kukopa, mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE. Wanawake 15 hadi 25 wachaguane wenyewe. Ukiwapanga kwa orodha yako, siku ukiondoka kikundi kinakufa.

Vifaa ni vichache: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, vitabu vya wanachama, muhuri na kidau cha wino. Funguo wapewe wanawake watatu wasio viongozi, wa nyumba tofauti. Sanduku lilale kwa mwekahazina. Kila kikao mtu anaweka akiba kwa kununua hisa 1 hadi 5, na kila hisa inagongewa muhuri wake. Bei ya hisa ifuate mfuko wa aliye na kipato kidogo kuliko wote. Ikifuata wa mwenye duka, maskini wataacha kuja mmoja mmoja, wala hawatasema kwa nini.

Mikopo ianze baada ya miezi miwili au mitatu, isizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Fedha za ugonjwa na misiba zikae kwenye mfuko wake, zisichanganywe na hisa.

Darasa lifuate papo hapo baada ya kikao, na kitabu cha hisa ndicho kiwe kitabu cha kiada. Asiyejua kusoma huanza kwa kuhesabu mihuri yake, kisha jina lake, kisha deni. Hesabu ya mgao wa mwisho wa mwaka, wanachama wanapogawana fedha za sanduku, ifanywe ubaoni na wote: sanduku lina 230,000, hisa ni 2,000, basi kila hisa ni 115. Aliyenunua kwa 100 anaiona faida ya 15 kwa macho yake, na hakuna karani wa kumpunja.

Utoro mara nyingi ni suala la ratiba. Darasa likigongana na siku ya mgao wa chakula au saa ya foleni ya maji, viti vitakuwa vitupu. Weka mlezi wa watoto anayelipwa, ndani ya eneo hilohilo. Mama mwenye mtoto mgongoni hashiki kalamu vizuri.

Jambo linalosahaulika ni kuhama. Wakimbizi huhamishwa ghafla, kwa hiyo katiba iseme tangu kikao cha kwanza: anayeondoka katikati ya mzunguko, yaani kabla ya mgao wa mwisho wa mwaka, anarudishiwa hisa zake kwa bei aliyonunulia, deni likishakatwa. Sheria hii ikitungwa mtu akiwa tayari ameshafunga mizigo, ugomvi hauepukiki.

Mwezi wa mwisho wa mzunguko simamisha mikopo mipya ili madeni yarudi. Hapo ndipo sanduku linapojaa, kwa hiyo tarehe ya mgao ibaki siri ya wanachama.